SOLA KWA ASIYEJUA KITU: HESABU KWANZA, DUKANI BAADAYE

Leo naomba tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee jua. Najua wapo mainjinia humu, watanivumilia. Mi ni form four leaver, Fizikia nilipata D, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi hadi nikaelewa. Na kama mimi nilielewa basi hakuna atakayeshindwa.

Nianze na kisa, maana bila hicho nisingejua chochote.

Kwetu ni Nzega, mkoa wa Tabora. Umeme wa REA ulifika kijijini kwetu, ukapita barabarani, ukaingia shuleni, zahanati na kwenye mashine ya kusaga, ukaishia hapo. Kitongoji chetu kipo kama kilometa mbili na ushee kutoka nguzo ya mwisho. Mama ana kiduka, anauza sabuni, chumvi, mafuta ya kula, vitu vidogo vidogo. Mwaka mmoja mpunga ulikubali, akauza magunia manane, akanitumia hela kwa simu na kuniambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Tununulie sola."

Nikaenda dukani mjini. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Una shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akapanga vitu mezani: paneli ya wati 50, betri ya gari ya Ah 70, kontrola, inveta ya wati 500, taa na waya. Nikaona nimeukata. Nikapanda basi, nikafunga mwenyewe, jioni TV ikawaka, watoto wa majirani wakajaa uani.

Wiki haikuisha. TV ikaanza kukata kabla taarifa ya habari ya saa mbili haijaisha. Mama akadhani ni mawingu, akapunguza taa. Mwezi wa tano betri haikuweza kuwasha hata taa moja hadi saa tatu usiku. Nikarudi dukani, jamaa akanijibu bila kuniangalia: "Dogo, mama yako kaitumia vibaya hiyo betri." Na mimi, msomi, nikamwamini. Nikampigia mama nikamuuliza, tena kwa sauti ambayo mtoto hatakiwi kumuuliza mzazi wake, mama hii betri umeifanyaje? Akanyamaza. Halafu akasema, "Sijui mwanangu. Labda ni mimi."

Mambo yote ninayoandika hapa chini nilikuja kuyajua baadaye, kwa fundi mmoja mtu mzima niliyekuwa namsaidia kazi. Wadau, yangekuwa kichwani siku ile, yale magunia manane yasingepotea.

JUA LINAGEUKAJE UMEME

Kwanza tuelewane. Kuna sola za kuchemsha maji, zile zinakusanya joto. Hizi tunazoongelea leo zinatumia mwanga, siyo joto. Ndani ya paneli kuna vipande vyembamba vya silikoni, madini yanayopatikana kwenye mchanga. Kila kipande kina tabaka mbili zilizotiwa vitu tofauti ili moja iwe na elektroni za ziada na nyingine iwe na upungufu. Mwanga ukigonga, elektroni zinang'oka, zinasukumwa upande mmoja, na ukiunganisha waya zinapita humo kurudi upande wa pili. Huo mwendo wao ndio umeme. Hakuna kinachozunguka, hakuna mafuta, hakuna kelele.

Siyo jambo la jana. Mfaransa Edmond Becquerel aliona mwanga ukizalisha umeme mwaka 1839. Paneli za silikoni zenye maana zilianza 1954 kwenye maabara za Bell huko Marekani, zikigeuza kama asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Mwaka 1958 zikapanda angani na setilaiti ya Vanguard 1. Leo paneli ya kawaida ya dukani inageuza kama asilimia 20 au zaidi. Kumbukeni hiyo 20, tutaitumia kumkamata mwizi huko mbele.

Kipande kimoja kinatoa karibu nusu volti tu, hata kikiwa kikubwa. Ndiyo maana vinaunganishwa kwa mstari. Vipande 36 vinatoa kama volti 18 kazini, na hiyo ndiyo inaitwa "paneli ya volti 12". Msishangae kwa nini 18, maana betri ya volti 12 hujazwa kwa volti 14 na kitu. Maji hayapandi mlima, lazima chanzo kiwe juu ya tangi.

MANENO MANNE TU

Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Wati ni kasi ya kazi, na unaipata kwa kuzidisha volti kwa ampea. Mpaka hapo ni Fizikia ya shule.

Neno la nne ndilo lililonimaliza: wati-saa. Hii ni wati mara saa ulizotumia. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 5 imekula wati-saa 25. Wati ni kama upana wa mdomo wa ndoo, wati-saa ni maji yenyewe. Muuzaji anakuuzia wati, ila betri inakufa kwa wati-saa. Nikipewa nafasi ya kufundisha jambo moja tu nchi nzima, ni hilo.

Betri yenyewe inaandikwa Ah, yaani ampea-saa. Zidisha kwa volti unapata wati-saa. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ni wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa makusudi, mtaona.

MFUMO UNA VITU GANI

Paneli inavuna. Kontrola inakaa katikati kama mgambo, inazuia betri isijazwe kupita kiasi na isikamuliwe kupita kiasi. Betri inatunza kwa ajili ya usiku. Inveta inageuza umeme wa betri (DC) kuwa kama ule wa TANESCO (AC, volti 230), kama una vifaa vinavyoutaka huo. Halafu kuna waya na fyuzi, ambazo watu wanaziona ni vikorokoro wakati zenyewe ndizo zinazochoma nyumba au kuiokoa.

HESABU YA NYUMBANI KWA MAMA

Yule fundi aliipiga hesabu hii kwenye kipande cha boksi, kwa kalamu ya mia tano. Hakuanza na "una shilingi ngapi". Aliniuliza, "Mama anawasha nini, na kwa saa ngapi?"

Taa 4 za LED, wati 5 kila moja, saa 5: 4 x 5 x 5 = wati-saa 100.
TV ndogo ya DC, wati 25, saa 4: wati-saa 100.
Redio wati 5, saa 6: wati-saa 30.
Simu: vitochi 10 vya majirani (kama wati-saa 5 kila kimoja) na smartphone 2 (kama 25 kila moja): wati-saa 100.

Jumla wati-saa 330 kwa siku.

Sasa, siyo kila kinachovunwa kinafika kwenye taa. Kingine kinapotelea kwenye betri, kwenye waya na kwenye vumbi la paneli. Zidisha kwa 1.3. Tunapata kama 430. Huo ndio mzigo ambao paneli inatakiwa kuubeba kila siku ya Mungu.

Jua je? Hapa watu wengi wanakosea. Wanasema jua linawaka saa 12, basi paneli ya wati 50 itatoa 50 x 12 = 600. Thubutu! Zile wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na paneli yenyewe ikiwa na nyuzi joto 25. Asubuhi na jioni mwanga uko chini sana ya hapo. Ukikusanya mwanga wote wa siku, sehemu nyingi za Tanzania unapata sawasawa na saa 4 hadi 6 hivi za jua kamili. Fundi mzuri anapiga kwa msimu mbaya, siyo mzuri. Tukachukua 4.

430 gawanya kwa 4 = karibu wati 108.

Wati 108 zinazofika kweli, wadau. Na mimi nilimpelekea mama paneli ya 50.

Tuendelee na betri. 330 gawanya kwa volti 12 = Ah 27.5 kwa siku. Weka akiba ya siku moja ya mawingu, inakuwa 55. Betri za risasi (hizi za asidi) hazitakiwi kushushwa chini ya nusu kama unataka zidumu, kwa hiyo zidisha mara mbili: Ah 110. Unatafuta ya 120. Kwa betri za lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, kwa hiyo 55 gawanya kwa 0.8 = Ah 69 hivi.

Sasa tuifanyie postmotamu ile ya kwanza. Paneli ya wati 50 kwa kontrola ya bei chee inaingiza kama ampea 2.8 jua likiwa kamili, mara saa 4, ni Ah 11. Mama alihitaji 27.5, na inveta nayo ina ulaji wake. Kila siku upungufu wa zaidi ya Ah 16. Nusu ya betri ya 70 ni 35. Siku ya tatu tu ilishavuka mstari, na haikuwahi kujaa tena maishani mwake. Ile betri ilihukumiwa kufa siku niliyoinunua. Mama hakuwa na kosa hata la dakika moja.

BETRI: HAPA NDIPO HELA INAPOFIA

Paneli nzuri inaweza kufanya kazi miaka 25 na zaidi. Betri ndiyo inayokumaliza. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kupiga stata, halafu ijazwe mara moja na injini. Ina sahani nyembamba nyembamba nyingi. Ukiifanya ya sola, yaani kuikamua taratibu usiku kucha, sahani zinachakaa haraka. Betri ya sola ya risasi ina sahani nene, inavumilia.

Ila hata hiyo ya sola, ukiiacha tupu siku nyingi inajenga ukoko mgumu wa salfa kwenye sahani na haishiki chaji tena. Kwa hiyo na kinyume chake ni kosa: betri kubwa na paneli ndogo. Ni tangi kubwa kwenye bomba linalodondosha matone, halijai hata siku moja.

Namna ya kujua hali ya betri ya risasi ya volti 12: iache ipumzike saa chache bila kuchaji wala kutumika, pima kwa multimita. Volti 12.7 imejaa. 12.2 ni nusu. 11.8 imekwisha, usiendelee. Kontrola nyingi za bei nafuu hukata karibu na volti 11, na hapo betri imeshaumia, kwa hiyo usisubiri kontrola ikukataze. Multimita ya kawaida siyo ghali, na ndiyo daktari wa nyumba.

Kama betri yako ni ya kuongeza maji, tumia maji ya betri yanayouzwa dukani (yaliyochujwa chumvi zote). Maji ya bomba, ya kisima au ya chupa za kunywa yana madini na yataiharibu. Na hizo betri zikichaji zinatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo isikae chini ya kitanda wala chumba kisicho na dirisha. Nimeona nyumba betri inalala na watoto. Hapana jamani.

Lithiamu, hasa zile zinazoandikwa LiFePO4, sasa hivi zimeenea. Bei yake ya mwanzo iko juu, ila zinajazwa na kukamuliwa maelfu ya mara, wakati ya risasi ni mamia. Sharti kontrola yako iwe na mpangilio wa lithiamu na uwe umeuchagua. Ukiacha mpangilio wa betri ya asidi utaiua kwa pesa nyingi zaidi.

KONTROLA: PWM AU MPPT

Utaona herufi hizo kwenye boksi. PWM ni ya bei chee, inaiunganisha paneli na betri na kuilazimisha paneli ishuke hadi volti ya betri. Paneli ya wati 150 inatoa ampea 8.3 kwa volti 18. Ikishushwa hadi volti 13 unapata 8.3 x 13 = wati 108. Mmeona? Ndiyo zile 108 tulizozitafuta. Kwa hiyo kwa PWM mama alihitaji paneli ya 150. MPPT inabadilisha zile volti za ziada kuwa ampea, kwa hiyo kwake paneli ya 120 ingetosha.

Kuna mtego mpya mjini. Paneli kubwa za wati 300 na kitu zimeshuka bei sana, watu wanazikimbilia na kuzifunga kwa PWM kwenye betri ya volti 12. Paneli ya wati 330 yenye vipande 72 inafanya kazi kwa volti 37 hivi na ampea karibu 9. Kwenye PWM unapata 9 x 13 = wati 117. Umelipia 330 unakula 117! Paneli ya namna hiyo inataka MPPT, halafu soma nyuma ya kontrola inavumilia volti ngapi kabla hujaunganisha.

INVETA: MGENI ANAYEKULA AKIWA AMELALA

Inveta ikiwashwa, hata kama hakuna kilichochomekwa, inajilisha yenyewe. Inayokula wati 8 tu, ukiiacha saa 24 imemaliza wati-saa 192. Linganisha na 330 za mama. Zaidi ya nusu ya chakula cha nyumba nzima! Kwa hiyo kama unaweza nunua taa, TV na chaja za DC, usiwe na inveta kabisa. Kama lazima uwe nayo, izime ukimaliza.

Na kosa langu jingine: niliifunga inveta moja kwa moja kwenye betri. Kwa inveta hiyo ni sawa, maana kontrola ndogo haiwezi kubeba ampea zake, ila maana yake kontrola haina uwezo wa kuikatia. Inveta nyingi ndogo hukata volti zikishafika 10 na nusu hivi. Hapo betri ya risasi ni maiti inayotembea.

Pasi, jiko la umeme, hita ya kuogea: sahau. Pasi ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 ni ampea 83. Tumia ya mkaa.

WAYA NA FYUZI

Volti zikiwa ndogo ampea zinakuwa nyingi, na ampea nyingi zinataka waya mnene. Mfano: kutoka kwenye kontrola hadi dukani kwa mama ni mita 10, vitu vinavuta ampea 5. Kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 zinapotea volti 1.2 njiani (hesabu ni mita 20, kwenda na kurudi). Betri inasema 12, TV inapata 10.8, inajizima, na wewe unalaumu betri. Kwa waya wa milimita 4 inapotea chini ya nusu volti.

Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Volti 12 haitakurusha, ila betri ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea, waya unakuwa mwekundu kama kaa, na nyumba ya nyasi haina msamaha. Fyuzi ya kweli, siyo uzi wa waya wala karatasi ya sigara.

KUFUNGA

Jua letu linapita juu ya kichwa, ila sisi tulio kusini ya ikweta paneli tunaelekeza kaskazini, na mlalo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha. Isilale flati kabisa, mvua ishindwe kusafisha vumbi. Aliye Lodwar kule Kenya yeye yuko kaskazini ya ikweta, anaelekeza kusini. Dira ya simu inatosha.

Kivuli ni adui. Vipande vimeungwa kwa mstari, kwa hiyo tawi la mwembe likifunika kona moja tu, mstari mzima unadorora, siyo ile kona peke yake. Kaa siku nzima uangalie kivuli kinapita wapi kabla hujapiga msumari.

Acha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Paneli ikipata moto inapoteza: kila nyuzi joto moja juu ya 25 inaondoa kama asilimia 0.3 hadi 0.4. Ikifika nyuzi 65 juu ya bati la Nzega mwezi wa kumi, umeshapoteza zaidi ya kumi kwenye mia.

Mpangilio wa kuunganisha: betri kwenye kontrola kwanza, ijue volti zake. Kisha paneli. Mwisho taa na vitu vingine. Kufungua ni kinyume: vifaa, paneli, betri mwisho. Usafi ni maji na kitambaa laini, asubuhi au jioni paneli ikiwa imepoa. Usisugue kwa mchanga wala brashi ya nguo.

KUMKAMATA MWIZI DUKANI

Hapa ndipo ile asilimia 20 inafanya kazi. Mita moja ya mraba ya jua kamili ina wati 1,000. Asilimia 20 yake ni 200. Kwa hiyo paneli halali ya wati 100 ina ukubwa wa karibu nusu mita ya mraba, tuseme mita moja kwa nusu mita. Nenda na futi. Ukikuta imeandikwa wati 200 na eneo lake ni nusu mita ya mraba, hiyo ni stika tu, rudisha mezani.

Pili, itoe nje juani, pima volti ikiwa haijaunganishwa. Ya "volti 12" inatakiwa kuonyesha kama 21 hivi. Halafu pima ampea (multimita nyingi mwisho ni ampea 10, angalia kwanza) ulinganishe na lebo ya nyuma. Muuzaji anayekataa usipime ameshakujibu.

Tatu, mpe karatasi yenye hesabu yako. Akianza kucheka, toka.

ILIVYOISHA

Tulikaa karibu mwaka mzima na koroboi kabla hatujaweza tena. Awamu ya pili nilikwenda na kile kipande cha boksi mfukoni. Nikanunua kidogo kidogo: paneli ya 150 kwanza, baadaye kontrola, mwisho betri ya sola ya Ah 120. Inveta sikununua, TV ni ya DC. Betri hiyo sasa ina mwaka wa tatu na mama anachaji simu za kitongoji kizima. Kila jioni anasoma volti kwenye kontrola na kuziandika kwenye daftari la madeni ya duka. Ikisoma chini ya 12.2 kabla ya saa nne usiku, anazima TV na hakuna mtoto wa kumbembeleza.

Ile betri ya kwanza niliipeleka kwa wanaonunua betri chakavu. Msiipasue nyumbani kutafuta risasi, ile risasi ni sumu, watoto ndio wanaoathirika zaidi.

Siku nilipofunga huu mfumo wa pili nilimwekea mama ile hesabu mezani, mstari kwa mstari, nikamwonyesha 11 na 27.5. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini kuuza duka miaka yote hiyo siyo mchezo, alielewa upesi kuliko mimi. Akasema, "Kumbe ilikuwa inatoka zaidi ya inayoingia." Nikamwambia ndiyo mama, na aliyekosea ni mimi, nisamehe. Akacheka, akaniambia niende nikale ugali umepoa.

Kwa leo naishia hapa. Mwenye swali la hesabu aandike kwenye maoni anawasha nini na kwa saa ngapi, tutapiga pamoja. Mainjinia mkiona nimeteleza nirekebisheni bila matusi. Na ewe unayejiandaa kumnunulia mzazi wako sola mwezi huu, shika kalamu kwanza.

Nawasilisha.